Sahihi ya Mwalimu Abbasi

Mektilda binti Adriano alizaliwa Kigwa, katika nyumba iliyo karibu mno na reli. Treni ya mizigo ikipita, masufuria hugongana jikoni. Baba yake alifariki mapema, na aliyeshika jembe la nyumba ile alikuwa kaka yake mkubwa, Octavian. Alilima tumbaku na karanga, akamsomesha mdogo wake mpaka akafika chuo cha ustawi wa jamii. Kisha, kama mtu aliyetua mzigo mzito na asijue mikono aiweke wapi, akaanza kunywa. Ilianza pombe ya mtama siku za harusi na ubatizo. Ikaja gongo. Mwisho akawa anaamkia gongo kama wenzake wanavyoamkia chai.

Mama yao, Apolinaria, alijaribu kila mlango. Alimwita padri, akamwita mganga, akawaita ndugu wa kumkemea na ndugu wa kumfunga kamba. Hatimaye akasikia kuna nyumba Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, inayopokea walevi na wavuta unga. Watu wanaiita soba hausi. Wakampeleka huko akiwa amevimba tumbo na macho yamekuwa ya manjano. Ini lilikuwa limekwisha. Hata hivyo aliishi pale miezi kadhaa bila kuonja tone, akafa akiwa na akili zake timamu, baada ya kumwomba mama yake msamaha. Na aliyemwogesha siku za mwisho alipokuwa hawezi kusimama, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, hakuwa ndugu yake wala Mkristo mwenzake. Alikuwa mwenye nyumba ile, Abbasi. Tangu siku hiyo Apolinaria hakumaliza rozari yake bila kumtaja Mwislamu huyo.

Abbasi alikuwa mtoto wa mjini hasa, wa ukoo wa mafundi cherehani waliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Ujanani alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akayapotezea kwenye unga. Hakuficha. "Nimelala chini ya karavati mpaka mbwa wakanionea huruma," alizoea kusema. Alipopona alisomea ushauri nasaha wa waraibu, akapata leseni, akarudi kwao pamoja na mkewe Najiat na kuifungua nyumba ile. Watu wote walimwita Mwalimu, hata polisi.

Matanga ya Octavian yalipoisha, Mektilda alimfuata.

"Shikamoo, Mwalimu. Nataka unifundishe kazi hii."

"Marahaba. Anayeitaka ni wewe, au ni msiba?"

Mektilda akaanza kumtaja Octavian, akakatiza.

"Nenda kamalize chuo," Abbasi akamwambia. "Ukimaliza ukikuta bado unaitaka, mlango huu hauna kufuli."

Alimaliza, akarudi bado anaitaka. Ndipo alipojua kwamba njia ya leseni ni ndefu. Cheti cha chuo hakitoshi. Alikwenda Dodoma kusoma kozi ya uraibu: jinsi pombe inavyoteka ubongo, jinsi ya kumpokea mtu mwenye arosto anayetetemeka na kutapika, mipaka ya siri, na mwiko wa kumshauri ndugu yako au kuchukua zawadi kwa unayemshauri. Kozi ikiisha, mwanafunzi hufanya kazi kwa vitendo kwa muda mrefu chini ya msimamizi mwenye leseni, anayekaa naye, anayemsikiliza, na anayeweka sahihi yake kwamba saa zile zilifanyika na zilifanyika vizuri. Bila sahihi hiyo huitwi hata kwenye usaili. Na kwa upande wote wa Tabora, msimamizi aliyekuwa tayari kumchukua mwanafunzi alikuwa mmoja tu, Abbasi.

Basi Mektilda akapanga chumba Itetemia, karibu na ile nyumba. Barabara inayopita mbele yake ndiyo ile ya kale iendayo Ujiji. Siku hizi hupita malori ya mbao na pikipiki zilizobeba madumu ya asali. Kila asubuhi wakazi wa nyumba walikaa kwenye viti vya plastiki uani, kwa duara, na kila mmoja alisema jina lake na hali yake ya siku hiyo. Abbasi ndiye aliyeanza siku zote. "Naitwa Abbasi. Leo niko safi." Hata mwanafunzi alipaswa kusema, na Mektilda alisema kila siku kwamba yuko salama, kisha akampisha mwenzake.

Mkazi wa kwanza ambaye Mektilda alikabidhiwa alikuwa Lugembe, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ziba, mtu mrefu mwenye sauti ya mnadani. Mektilda alimweleza habari za ini, za watoto wake, za Mungu. Lugembe aliitikia kila neno. Abbasi alikuwa amekaa pembeni. Lugembe alipotoka, akamgeukia mwanafunzi wake.

"Umemhubiria vizuri sana."

"Ahsante, Mwalimu."

"Sikusifu. Mahubiri anayo, ameyasikia tangu utotoni na hajaacha. Kesho muulize pombe inamfanyia kazi gani. Halafu unyamaze. Unyamaze mpaka uone aibu."

Kesho yake Mektilda aliuliza, akanyamaza. Lugembe alitazama dari, akatazama viatu vyake, akakohoa. Kimya kilipozidi akasema kwamba ng'ombe wake waliibwa siku mwanawe wa kwanza alipokuwa mahututi, kwamba alichagua kwenda kufuata ng'ombe, na kwamba aliporudi alikuta watu wamekaa mkekani. Hajawahi kumwambia mtu. Mektilda hakusema pole hata moja, na baadaye Abbasi akamwambia, "Sasa umeanza kazi."

Kwa namna hiyo alijifunza. Abbasi alimrudi kwa ukali na kumtetea mbele za watu, na akawa anamwita "mwanangu". Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia, saa zikawa zinakaribia kutimia.

Mvua za kwanza za mwaka ule wa pili, Abbasi aligongwa na pikipiki akivuka barabara. Mguu ulivunjika vibaya, ukawekwa vyuma. Alimwambia daktari bila kuficha kwamba aliwahi kutumia unga, na daktari akampa vidonge vikali vya maumivu kwa siku chache tu, kwa tahadhari. Siku zile zikaisha. Maumivu hayakuisha, au Abbasi alisema hayakuisha. Akarudi kazini na fimbo.

Mwanzoni Mektilda alifikiri ni uchovu. Mwalimu alisinzia katikati ya mazungumzo, akashtuka na kuendelea na sentensi ambayo hakuna aliyekuwa akiisema. Alijikuna pua na shingo bila kukoma. Alicheka pasipo na kichekesho. Kisha siku moja mchana, jua likiwaka uani, aliinua uso kumjibu Mektilda jambo, na Mektilda akaona mboni za macho yake zimesinyaa kama kichwa cha pini. Alijua jambo hilo ni alama ya dawa za jamii ya unga. Abbasi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulitazama.

Alikaa nalo moyoni majuma kadhaa. Alijiambia ni jua. Alijiambia ni umri. Hatimaye akamkuta Mwalimu peke yake barazani, akavuta kiti.

"Mwalimu, zile dawa za mguu umeacha?"

"Nimekufundisha kuuliza maswali ya kufungua, wewe unaniuliza la ndiyo na hapana."

"Zinakufanyia kazi gani?"

Aliposikia hivyo, uso wa Abbasi ulilegea kama nguo iliyochomolewa kamba. "Zinaniwezesha kusimama," akasema polepole. "Nikikosa, natetemeka. Nazipata mtaani. Unga sijagusa, Mektilda, wallahi sijagusa."

"Lakini kila asubuhi unasema uko safi."

"Niseme nini? Watu hawa wanaamka kwa sababu mimi nimeamka. Nitapunguza mwenyewe, kidogo kidogo." Akasogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Saa zako zimebaki chache. Masika yakiisha naweka sahihi ya mwisho, unakuwa mtu wako. Usiharibu safari yako kwa ajili ya mguu wangu."

Hakuwa amemtisha. Ingekuwa vitisho, Mektilda angejua pa kuvishika. Yalikuwa maneno ya mzazi, na ndani yake mlikuwa na kamba.

Tangu hapo hakuwa na usingizi wala hamu ya chakula. Maadili ya kazi yalikuwa wazi: mshauri anayetumia kilevi lazima aache kuhudumia watu, na anayejua anapaswa kutoa taarifa kwa ofisi inayotoa leseni. Akitoa taarifa, nyumba itafungwa, maana leseni ya nyumba ilisimama juu ya leseni ya Abbasi, na wakazi watarudi vijijini kwao nusu wamepona. Saa zake zote zitatiliwa shaka. Asipotoa, sahihi itakayompa leseni itakuwa imewekwa na mkono wa mtu aliyelewa, naye ataanza kazi ya kuwafundisha watu ukweli akiwa amesimama juu ya uongo. Na mtu mwenyewe ndiye aliyemwogesha Octavian. Kila alikogeuka alikuta ukuta.

Jumapili alipanda basi kwenda Kigwa. Mama yake alimwandalia matobolwa ya viazi vitamu na chai ya maziwa, akamtazama akila bila kutafuna.

"Unakonda, mama. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo. Mguu tu."

"Mwambie namwombea. Na hiyo leseni?"

"Iko karibu, mama."

"Ukiipata utakaa hospitali, uvae koti jeupe. Octavian angefurahi." Apolinaria akajifuta jicho na ncha ya kanga.

Mektilda alimeza maneno yake pamoja na chai. Siri ya ugonjwa wa mtu haisemwi, hata kwa mama. Alifikiria kwenda kwa padri kuungama, lakini padri angeuliza dhambi ni yake au ya nani, na hakujua angejibu nini.

Aliporudi Tabora alikwenda nyumbani kwa Abbasi, mjini, saa ambayo mwenyewe alikuwa msikitini. Najiat alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu." Najiat hakuinua macho. "Umeona, si ndiyo?"

"Nimeona."

"Mimi niliona kabla yako. Tangu mwezi wa kwanza baada ya ajali." Ungo ukatikisika, pumba zikaruka. "Niseme kwa nani? Kwa kaka zake? Watasema tulijua, teja ni teja. Kwa ofisi? Nimtoe mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe? Nimekuwa nikisubiri wewe useme."

"Mimi nilikuja ili useme wewe, dada."

Wakatazamana. Hakuna aliyekasirika. Najiat akampokea mkoba na kumwekea kiti, wakachambua mchele pamoja mpaka ukaisha, kisha Mektilda akaaga.

Siku zilizofuata alianza kuona kwamba wakazi nao wameona. Lugembe alimsimamisha karibu na pipa la maji. "Mwangaluka," akamsalimu kwa Kisukuma, kama alivyozoea. Kisha akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake, "Mimi nimelewa miaka mingi, dada. Mlevi humjua mlevi. Tunaokujali humu ndani tunakutazama wewe."

"Mnanitazama nifanye nini?"

"Hatujui. Tunatazama."

Asubuhi ya Jumatatu moja duara lilikaa. Abbasi akaanza, "Naitwa Abbasi. Leo niko safi," na ulimi wake ulikuwa mzito. Ukafuata mkazi mmoja, na mwingine. Zamu ikamfika Mektilda. Alikuwa amejiandaa kusema kwamba yuko salama kama siku zote, na kinywa kilipofunguka yakatoka mengine.

"Naitwa Mektilda. Leo naogopa. Kuna jambo ninalijua, na nimelinyamazia kwa sababu naitaka leseni. Nawaambia ninyi kila siku kwamba siri ndiyo inayomrudisha mtu kwenye chupa. Nami nimekaa na siri. Nimechoka nayo."

Hakumtaja mtu. Hakumtazama mtu. Kuku wa jirani aliyeingia uani akatembea katikati ya viti bila kufukuzwa. Aliyefuata alikuwa Xavery, seremala kijana aliyemaliza majuma machache tu bila gongo. Hakusema jina lake. Alimwangalia Abbasi, akauliza kama mtoto anavyouliza, "Ni kweli, Mwalimu?"

Abbasi alichukua fimbo yake. Alijaribu kusimama mara ya kwanza ikashindikana. "Naitwa Abbasi," akasema. Sentensi haikuendelea. Akasimama, akaenda chumba chake cha kazi na kufunga mlango.

Jioni ile ile Xavery alikusanya nguo zake. Mektilda alimfuata mpaka barabarani, akamwomba abaki walau mpaka kesho.

"Kama Mwalimu kaanguka, mimi ni nani?" Xavery alisema, akapanda bodaboda. Baada ya juma moja walisikia ameonekana kituo cha basi amelala chini, hana viatu. Walipokwenda kumtafuta hakuwepo, na mpaka leo hakuna anayejua alikoelekea. Mektilda hajawahi kupata jibu la jambo hilo, wala hajaacha kulitafuta.

Abbasi alimwita Mektilda Jumanne, siku iliyofuata duara lile. Hakumwita mwanangu.

"Umenivua nguo mbele ya watu wangu."

"Sikukutaja, Mwalimu."

"Hukuhitaji." Mikono ilikuwa inamtetemeka, alikuwa hajameza kidonge tangu jana yake. "Ungekuja ukaniambia unapeleka taarifa, ningekuelewa. Umechagua uwanja."

"Sikuchagua. Yalinitoka."

"Ndivyo wanavyosema walevi wote."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa na chembe ya kweli. Alilia pale pale, na Abbasi akamwacha alie, kama alivyomfundisha kuwaacha wengine. Kisha akamwambia kwamba ameshazungumza na watu wa hospitali Dodoma, atakwenda kutibiwa huko, na kwamba taarifa ofisini ataipeleka mwenyewe.

"Na saa zako nitaziwekea sahihi zote kabla sijaondoka. Angalau hilo."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na Mektilda aliuona. Neno moja tu, ahsante, na leseni ingekuwa yake. Alikaa akitazama vyuma vilivyotokeza chini ya suruali ya Mwalimu.

"Weka mpaka siku uliyogongwa," akasema. "Zilizofuata hukuwa unanisikiliza."

Abbasi alifumba macho. Akaweka sahihi hivyo hivyo, mpaka siku ile, na zaidi ya hapo hakuweka.

Ofisi iliamua kwa busara ya kiofisi. Nyumba haitafungwa, ila isipokee wapya wengi, na ushauri utolewe chini ya msimamizi mwingine. Msimamizi aliyepatikana alikuwa mama mmoja wa Mwanza, Tekla, mwenye kazi zake nyingi, ambaye huja Tabora anapoweza, na asipoweza husikiliza kwa simu mtandao ukikubali. Saa zinahesabika akiwapo au akisikiliza tu. Kwa mwendo huo, leseni ya Mektilda inatambaa kama kobe. Tekla amemwambia zaidi ya mara moja, "Hamia kwangu Mwanza, mwaka hautaisha umemaliza." Ni kweli. Lakini akihama, nyumba haina mtu. Kwa hiyo kila Tekla anaposema, Mektilda hujibu, "Nitakuja kiangazi," na wote wawili wanajua kiangazi hicho hakipo kwenye kalenda.

Lugembe alirudi Ziba akakaa vizuri msimu mzima, akateleza siku ya mnada, akarudi Itetemia kwa miguu yake mwenyewe akinuka. Mektilda hakuruhusiwa kukaa naye kama mshauri siku ile, kwa sababu Tekla hakuwapo wala simu haikushika. Alimpa maji na mkeka, wakakaa barazani bila kusema neno, na hilo halihesabiki popote.

Kigwa nako habari zilifika, zikiwa zimegeuzwa njiani. Kwamba binti wa Apolinaria alimfitini Mwislamu aliyemuuguza kaka yake ili achukue nyumba. Mama yake alimwita.

"Ni kweli, Mektilda?"

"Mama, siwezi kusema."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana inaniuma. Siwezi."

"Alimwogesha mwanangu," Apolinaria akasema, akaingia jikoni. Chakula alikileta, na cha moto, lakini hakukaa kula naye. Mpaka sasa hukaa mbali kidogo anapotembelewa, na Mektilda huondoka mapema kuliko zamani.

Abbasi alirudi baada ya miezi, amekonda, macho yake meupe. Leseni yake imesimamishwa mpaka itakapothibitika kwamba amepona. Hukaa kwenye duara pamoja na wengine na kusema zamu yake inapofika. Kazi za nyumba hufanya zote, hata kufagia uani na mguu wake mbovu. Mektilda humwita Mwalimu. Yeye humwita Bi Mektilda, kwa heshima kamili, na heshima hiyo humkata Mektilda kila anapoisikia. Najiat peke yake humletea Mektilda vitumbua siku za Ijumaa, bila maelezo.

Mwezi uliopita gari lilisimama getini, limetoka upande wa Sikonge. Wanaume wawili walimshusha mwenzao aliyefungwa mikono kwa kanga, anatetemeka mwili mzima. Mektilda alitoka akifunga kilemba.

"Wewe ndiye mshauri?" akauliza mkubwa wao.

"Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi? Tumetoka huko kote, tukamkute mwanafunzi?"

"Ndiyo, kaka," Mektilda akamjibu, akianza kuifungua ile kanga. "Mwingine hayupo. Mfungueni huo upande mwingine, taratibu."